Kakai Apewe Gredi Gani?

Hapa Mumbuni flashi ya nyimbo haikosekani. Utaikuta imechomekwa kwenye redio ya Probox inayopandisha watu kutoka mjini Machakos, kwenye wufa ya kinyozi, na kwenye redio ndogo ya sola inayowekwa dirishani mama akichambua maharagwe. Wengi hununua ya GB 32, na ni wachache wanaopiga hesabu ya kilichomo. Wimbo wa mp3 uliobanwa kwa kiwango cha kbps 128 huchukua karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tano ni MB 5. Flashi hiyo moja basi inabeba zaidi ya nyimbo 6,000. Ukiamua kuzisikiliza zote mfululizo, usiku na mchana bila kulala, utamaliza siku ya ishirini na moja.

Hakuna mwenye siku hizo. Ndiyo maana yule yule aliyejaza flashi hadi pomoni utamwona barabarani akibonyeza, akiruka, akibonyeza tena, mpaka abiria wa mbele amwombe aiache hiyo inayolia.

Dawa ni kuzipa nyimbo alama, ili zile unazozipenda zisizame katikati ya zile ulizopewa bure na kijana wa duka la kuchoma. Wapo wengi waliojaribu wakaachia njiani. Ukiwachunguza utakuta walianza kwa kuchagua nambari: nyota tano, alama kumi, asilimia. Nambari hizo zingefanya kazi gani, hawakujiuliza. Mimi nasema anza na kazi. Amua kwanza ni nini kitakachoupata wimbo ukishapewa alama fulani, kisha uhesabu una kazi ngapi. Idadi hiyo ndiyo idadi ya gredi zako.

Tuliosoma Kenya tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, una gredi 12, kutoka A hadi E, na katika hizo zote kuna moja ambayo hata bibi asiyejua kusoma huiulizia: C+. Kwa nini? Kwa sababu hapo ndipo mlango wa shahada unapofunguka. Kati ya C+ na C kuna tofauti ya maisha. Kati ya B na B- kuna tofauti ya kujisifu tu, ila kwa anayetaka kozi fulani. Gredi isiyofungua wala kufunga mlango ni mapambo, na mapambo kumi na mawili juu ya nyimbo 6,000 yatakuchosha kabla hujafika herufi C ya orodha yako.

Tena vipimo vina tabia ya kuzaana. Mtaala mpya wa shule ulikuja na ngazi nne, kutoka aliyezidi matarajio hadi aliye chini ya matarajio. Kufikia mtihani wake wa kwanza wa kumaliza sekondari msingi, KJSEA, mwaka 2025, kila ngazi ilikuwa imekatwa mara mbili zikawa nane. Wizara ina sababu zake, lazima igawie shule wanafunzi zaidi ya milioni moja. Wewe hugawi mtu yeyote.

Wanaopenda kipimo kirefu huniletea mfano wa wakosoaji wa Marekani. Robert Christgau amekuwa akitoa herufi kwa albamu tangu 1969, na jarida la Pitchfork hutoa alama kutoka 0.0 hadi 10.0, hadi sehemu ya kumi. Hao wanaandikia watu wasiowafahamu, wanaotaka kujua kama watoe pesa au wasitoe, na mabishano ya 7.3 na 7.4 ni sehemu ya biashara yenyewe. Jiulize mwenyewe: wimbo wako wa 7.3 utaufanyia kitu gani ambacho hutaufanyia ule wa 7.4? Na hata ungetaka, sikio lina mipaka yake. George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya majaribio ya aina hii katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1956. Watu waliopewa sauti zinazotofautiana kwa ukubwa tu, wakaambiwa wazitambue moja moja, walianza kuzichanganya zilipozidi tano hivi. Hizo ni sauti tupu za maabara. Ongeza gitaa, mashairi, na kumbukumbu ya mtu uliyekuwa naye wimbo ukilia, uone kama utaweza kumi.

Upande wa pili wapo wanaosema ndiyo na hapana zinatosha. Kampuni kubwa zimekwenda huko. YouTube ilitazama nyota zake tano mwaka 2009 ikakuta watu karibu wote wanatoa tano, wachache wanatoa moja, na za katikati hazina mtu. Mwaka uliofuata ikaweka kidole cha juu na cha chini. Netflix nayo iliacha nyota mwaka 2017. Lakini angalia hali yao. Wanakuletea kitu kigeni, wanataka kujua wakuletee kingine kama hicho au wasikuletee. Nyimbo za kwenye flashi yako zilishapita mtihani huo siku ulipozilipia au ulipomwomba rafiki akunakilie. Ukizipa ndiyo na hapana tena, utapata ndiyo 5,000, na utarudi pale pale kwenye kubonyeza na kuruka.

Mimi natumia gredi tatu, na zote nazisoma kwenye kidole. Gredi ya 3 ni wimbo ninaoutafuta mwenyewe: nimeketi, hakuna kinacholia, na mkono unakwenda kuufungua. Gredi ya 2 ni wimbo ambao sikuutafuta, lakini ukilia siuruki. Gredi ya 1 ni ule ninaouruka. Basi. Sijiulizi kama ni wimbo bora, kama mpiga gitaa ni fundi, wala kama wazee wangeukubali. Ubora ni mjadala wa kilabuni na hauishi. Kidole hakibishani. Utashangaa ni nyimbo ngapi unazoziheshimu na kuzitetea mbele za watu, ambazo ukiwa peke yako unaziruka kila mara. Hizo ni gredi ya 1, na si dhambi.

Kwa hizo tatu ongeza alama mbili ambazo si gredi, na hapa tena nakopa kwa baraza la mitihani. Mtahiniwa asiyefika chumbani hupewa X. Aliyekutwa na udanganyifu hupewa Y. Hakuna hata mmoja anayepewa E, kwa sababu E ni ya mtu aliyefanya mtihani wake akashindwa. Kosa linaloharibu mikusanyo mingi ni kuchanganya haya matatu. Wimbo ambao hujausikia si wimbo mbaya, haujafika tu chumbani: uwekee X. Na kuna faili ambazo zina hitilafu: mtangazaji anazungumza juu ya gitaa, DJ ametia king'ora chake kila nusu dakika, wimbo umekatika kabla ya mwisho, au jina linasema Kyanganga Boys na sauti ni ya bendi nyingine kabisa. Hizo ni Y. Usiuadhibu wimbo kwa makosa ya aliyeunakili.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu Ukambani ndipo panapouma. Muziki mwingi wa benga tunaojivunia ulitoka kwenye santuri ndogo za inchi saba za miaka ya 1970 na 1980: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, waliojiita kwa jina la mlima ulio mpakani mwetu na Thika, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, pamoja na Kalambya Sisters walioitikisa nchi kwa "Katelina". Kakai aliimba sana kwa Kiswahili, ndiyo sababu alijulikana hadi pwani na magharibi, naye akafariki 1987 angali kijana. Santuri hizo zilichezwa. Zilichezwa kwenye baa, kwenye hoteli, kwenye arusi, kwa sindano iliyochakaa, na wino wa lebo ukafutika kwa vidole vya watu. Leo ukipata nakala yake kwenye flashi, mara nyingi kinachokufikia kwanza ni mchakacho kama mafuta ya moto, kisha gitaa la mwanzo linajitokeza nyuma yake.

Sasa wimbo kama huo unaupa gredi gani? Wimbo ni 3, nakala ni mbovu. Ukizijumlisha ukazigawa kwa mbili utapata gredi isiyosema kweli juu ya wimbo wala juu ya nakala. Wanaouza na kununua santuri walilimaliza jambo hili zamani. Ukienda kwa Jimmy Rugami kwenye soko la Kenyatta, Nairobi, ambaye amejulikana duniani kwa kuuza santuri kuukuu, hali ya sahani ni habari moja na muziki uliomo ni habari nyingine. Wafanyabiashara wa santuri duniani wana ngazi zao za hali peke yake, kutoka sahani ambayo haijawahi kuguswa hadi ile ambayo haichezeki. Kwa flashi ya nyumbani huhitaji ngazi hizo zote. Weka herufi moja tu mwishoni mwa jina la faili, tuseme "m", iwe ni alama kwamba nakala ni mbovu na ukiona iliyo safi uibadilishe. Gredi ibaki ya wimbo.

Kuna fumbo jingine la santuri hizo ambalo vijana wa flashi hawalijui. Upande mmoja wa sahani ya inchi saba haukuweza kubeba benga yote, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Maneno mengi yako A. Gitaa linafunguka na kukimbia kwenye B, na hapo ndipo watu walipokuwa wakisimama kucheza. Kwenye flashi nyingi utakuta faili mbili, na mara nyingine moja imepotea njiani. Usiwape ndugu hao gredi mbili tofauti. Wapeleke pamoja kwa gredi ya yule aliye juu, na ukiweza uwaunganishe kwa programu ya bure kama Audacity ili wasitenganishwe tena. Ukikuta una A peke yake, hiyo ni Y, hata kama unaipenda, kwa sababu kuna nusu ya kutafutwa.

Tuje kwenye swali ambalo watu hulisahau hadi wakapata hasara: alama utaiandika wapi? Nyota ulizobandika kwenye kompyuta huenda zisivuke hata mlango wa chumba. iTunes ilileta nyota mwaka 2002, lakini huzihifadhi kwenye daftari lake lenyewe na si ndani ya faili. Nakili wimbo uupeleke kwingine, nyota zinabaki nyuma. Windows Media Player huandika ndani ya mp3, mahali ambapo kipimo ni kutoka 0 hadi 255. Huko 0 maana yake ni "haijulikani", ambayo ni X yangu ile ile, na nyota tano zinaandikwa 1, 64, 128, 196 na 255. Nani alizichagua nambari hizo na alikuwa amekula nini, Mungu ndiye ajuaye. Programu nyingi za simu nazo zina moyo mmoja tu, na ukibadilisha simu moyo unaweza kubaki kwenye ile ya zamani. Redio ya gari haisomi hata kimoja kati ya hivyo.

Kinachosomwa kila mahali ni jina la folda na jina la faili. Kwa hiyo tengeneza folda tano na uzipe majina mafupi: 3, 2, 1, X, Y. Wimbo ukipata gredi, uhamishe. Redio nyingi za gari hucheza kwa kufuata mpangilio wa kunakili, si wa alfabeti, kwa hiyo unapoandaa flashi ya safari anza na flashi tupu, nakili folda ya 3 kwanza, subiri imalize, kisha ya 2. Ya 1 iache nyumbani kwenye kompyuta. X nakili kidogo tu, nyimbo kumi na tano au ishirini, ili barabarani uwe na wageni wa kukutana nao. Jaribu kwanza kwa flashi ya bei rahisi kwenye redio yako mwenyewe kabla ya kupanga nyimbo 6,000. Kuna redio za ukaidi ambazo zinataka nambari iwe mwanzoni mwa jina la kila faili.

Mtu ataniuliza: na nyimbo za ntheo, ile sherehe ya ndoa ya Kikamba, je, za matanga, za Jumapili? Hizo ni shughuli, si gredi. Wimbo wa kuomboleza unaweza kuwa 3 na usitake kuusikia ukipika. Usibuni gredi ya nne ya "mzuri lakini wa matanga", kwa maana kesho utabuni ya tano ya "mzuri lakini watoto wasisikie", na benga yetu ya kisasa ina nyingi za aina hiyo. Shughuli kubwa ipewe flashi yake, iliyochotwa kutoka folda za 3 na 2. Flashi ndogo ni bei ya chakula cha mchana, na itakuepusha na aibu ya mwanabenga Ken wa Maria kuanza kulia mbele ya mchungaji.

Nyumba yenye masikio mengi isitafute wastani. Mama anataka kwaya, kijana anataka gengetone, wewe unataka Kakai; ukichukua wastani wa alama za watatu, folda ya juu itajaa nyimbo ambazo hakuna anayezichukia na hakuna anayezitaka. Kila mtu awe na folda yake ya 3. Zikipigwa kwa zamu, kila mmoja atapata saa yake ya furaha na saa yake ya kuvumilia.

Kuhusu kazi yenyewe ya kutoa alama, usikae chini ukaifanya kama karani. Toa alama ukisikiliza, wimbo unapolia, na wala usianzie A. Wimbo mpya uache X hadi uusikie mara mbili au tatu siku tofauti. Benga nyingi hazijifungui mara ya kwanza, hasa kama unalisubiri gitaa la mwisho. Chagua wimbo mmoja wa mpaka kwa kila gredi, ule wa chini kabisa unaostahili 3 na ule wa chini kabisa unaostahili 2. Ukisita juu ya wimbo fulani, uulinganishe na huo wa mpaka: ungekuwa na nafasi ya mmoja tu kabla ya kufika nyumbani, ungefungua upi? Swali hilo lina jibu. "Je, huu ni 2 au 3?" mara nyingi halina.

Na uiwekee folda ya 3 kizuizi. Mimi naona wimbo mmoja kati ya ishirini unatosha. Kwa flashi ya nyimbo 6,000 hizo ni 300, saa ishirini na tano za muziki. Kutoka Machakos hadi Nairobi na kurudi ungeenda safari nane hivi bila kurudia. Ikizidi hapo, usiongeze gredi ya 4. Rudisha nyingine chini. Desemba ni mwezi mzuri wa kufanya hivyo, watu wamerudi nyumbani na kila mmoja ana maoni.

Wapo wasiofaa kwa kipimo changu. DJ wa sherehe anahitaji kujua mwendo wa wimbo na unaunganika na upi kuliko anavyohitaji kujua kama anaupenda. Yeye apange kwa mwendo. Na yule anayekusanya ili muziki usipotee, kama walivyofanya Ketebul Music walipotoa kumbukumbu zao za historia ya benga mwaka 2008, hana haja ya gredi hata kidogo. Anahitaji jina la bendi, mwaka, lebo, na nani aliyempa nakala.

Lakini kila mwenye flashi ya nyimbo za zamani ni mhifadhi kidogo, apende asipende, kwa hiyo kabla ya kufuta weka utaratibu. Flashi ikijaa, cha kwanza kutoka kiwe gredi ya 1 inayopatikana popote: nyimbo za redio za mwaka jana, zile ambazo kijana wa duka atakuchomea tena kwa shilingi chache. Y ya santuri iache, hata yenye mchakacho, hata ya upande A peke yake. Ihamishie kwenye kompyuta ya ndugu au kwenye flashi nyingine iwekwe kabatini, na uandike kwa kalamu kwenye karatasi iliyo nayo majina ya nyimbo unayoyajua, kwa sababu anayeweza kukutajia yale usiyoyajua ni mzee wa jirani, na huyo mwulize wiki hii.